Anataka kuja kunichukua nyumbani, nami sitaki apajue

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 27. Nilihamia jiji hili mwaka jana kwa ajili ya kazi, na ni jiji kubwa kweli, la kupotea ukiwa umesimama. Ninaishi na mwenzangu mmoja tuliyejuana huku huku, tunachangia kodi. Ndugu zangu wote wako mbali. Ninayezungumza naye karibu kila usiku ni dada yangu mkubwa.

Hivi karibuni nilijiunga na programu ya kutafuta wachumba, na humo nikampata mwanaume mmoja wa miaka 34. Anasema ni mhandisi. Ni mcheshi, hachelewi kujibu, na hajawahi kuniomba picha za ajabu kama wale wengine niliowazuia siku ile ile. Tumechati wiki 3 sasa, na sitakuficha Shangazi, simu ikilia moyo unaomba iwe ni yeye.

Jumamosi ijayo anataka tuonane. Mpango wake ni kunifuata nyumbani kwa gari saa 1 jioni, anipeleke mahali nje kidogo ya mji ambapo hataki kupataja, anasema ni sapraizi. Nikamwambia ningependelea tuonane mchana, kwenye mkahawa wowote katikati ya mji, nami nitajileta mwenyewe. Alikaa kimya kama saa 2 hivi, kisha akaandika: "Kwani unanionaje, jambazi? Wanawake waliokomaa hawana mambo hayo." Mwishoni akaweka kikatuni cha kucheka. Na mimi nikacheka, nikamwomba radhi, nikasema nitafikiria. Mpaka leo sijui radhi ile ilikuwa ya nini.

Kuna jambo jingine. Nilipokuwa mgeni hapa nilitoka mara moja na kijana mwingine. Hakunifanya kitu. Alinisindikiza hadi mlangoni, nami nikauona huo kuwa uungwana. Siku chache baadaye nilipomwambia kwamba sioni kama tunaendana, akaanza kuja. Hagongi. Anasimama ng'ambo ya barabara, ameegemea nguzo ya taa, anachezea simu yake. Alikuja jioni 4. Nikahama.

Mwenzangu hajui habari hizo. Yeye ananiambia nimekuja na ushamba, kwamba mjini watu wanaonana na wasiowajua kila siku na wanarudi wazima. Dada yangu naye anasema nifute ile programu, wanaume wa mtandaoni ni matapeli watupu. Mimi niko katikati. Sitaki kuishi kwa hofu, na nataka mwenza. Ila sitaki kuhamishwa nyumbani kwangu mara ya pili.

Je, mimi ni mshuku mno? Nikishikilia sharti langu si nitampoteza mtu mzuri? Na nikienda, niende vipi?

Niliye Katikati

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara 2, na mara zote nimekwama kwenye ile nguzo ya taa. Mtu aliyelazimika kufunga virago kwa sababu ya kijana mwenye simu mkononi anauliza kama ana shaka nyingi mno. Huna shaka nyingi. Una kumbukumbu.

Tuanze na huyu wa sasa. Ulimwomba mambo 3: iwe mchana, iwe katikati ya mji, uje mwenyewe. Hakuna hata moja linalomgharimu senti, wala linalomshushia heshima. Mtu anayetaka kukuona angejibu "Sawa, saa ngapi?" na mngekuwa mmeshamaliza. Yeye alikaa kimya saa 2, kisha akajibu swali ambalo hukuliuliza. Hukumwita jambazi, neno hilo kalileta mwenyewe, ili kazi ya kulifuta iwe yako. Kisha akakupima na "wanawake waliokomaa", ambao sisi wengine hatujawahi kuwaona wala kuambiwa wanaishi wapi. Kisha akacheka, ili ukikasirika uonekane huna utani.

Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Huenda aliumia, huenda alishajipangia sapraizi yake na ikamkata stimu. Watu wazuri pia hununa. Ninachosema ni kwamba mazungumzo yalianza wewe ukiomba jambo dogo, yakaisha wewe ukiomba radhi, na lile jambo dogo hukulipata. Njia hiyo ameshaijua. Mkiwa wawili ndani ya gari lake saa 3 usiku, hamtakuwa na njia nyingine ya kuzungumza.

Nikupe kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1978 nchini Marekani, mwanaume aitwaye Rodney Alcala alishiriki kipindi cha televisheni cha kutafutana wachumba. Mwanamke huuliza maswali, wanaume 3 hujibu wakiwa nyuma ya ukuta, naye humchagua mmoja bila kumwona. Alcala alikuwa na majibu ya haraka na ya kuchekesha, akachaguliwa. Baada ya kipindi yule mwanamke alionana naye ana kwa ana, akahisi kuna kitu hakikai sawa, akakataa kutoka naye. Hakuwa na ushahidi wowote. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba mtu yule alikuwa ameshatumikia kifungo kwa kumdhuru mtoto, na ameshaua. Alihukumiwa kifo, akafia mikononi mwa magereza mwaka 2021. Sikupi kisa hiki ili umwone Alcala kwenye kila wasifu, maana wengi utakaoonana nao kosa lao kubwa litakuwa kuongea habari zao tu mpaka kahawa inapoa. Nakupa kwa sababu ya yule mwanamke. Alikuwa ameshamchagua mbele ya watu, kamera zinamulika, zawadi ya matembezi imeshatangazwa, na bado alisema hapana.

Dada yako ana sehemu ya ukweli, lakini anapalenga pasipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu mwaka 2021: karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa au kulazimishwa kingono maishani mwake, na mara nyingi aliyefanya hivyo ni mume au mpenzi wake. Yaani si wanaume wa mtandaoni peke yao. Aliyeletwa na binamu kwenye harusi anaweza kuwa yule yule. Tofauti ni kwamba wa harusini ana watu. Akikukosea kuna mjomba wa kuulizwa. Huyu wa kwenye simu hana mtu hata mmoja mnayemjua nyote wawili. Kwa hiyo mashahidi unawatafuta wewe, kabla ya siku.

Anza na simu ya video, hata ya dakika 10. Mwenye sura isiyo yake atakuwa na kamera mbovu wiki nzima. Chukua picha zake uzipitishe kwenye Google Lens au TinEye, zinazotafuta picha ile ile imetokea wapi kwingine mtandaoni. Ukikuta uso ule ule una jina jingine na mke, biashara imeisha. Usipokuta kitu, usijipongeze sana, maana umejua tu kwamba picha haijazagaa. Vivyo hivyo ile alama ya kuthibitishwa wanayoweka Tinder na programu nyingine za wachumba: inasema uso wake unafanana na picha zake. Tabia yake haijathibitishwa na mtu. Muulize majina yake kamili na anakofanya kazi, kama unavyouliza wakati, bila kunong'ona. Akikwepa, umejibiwa. Na akikuomba fedha kabla hujamwona, hilo halihitaji Shangazi.

Halafu geuza kioo, ujitazame wewe kama yeye anavyokutazama. Je, kuna picha yako ukiwa dirishani, na jengo la jirani linasomeka jina? Kuna ile uliyovaa kitambulisho cha kazi? Mtu mwenye muda anahitaji picha 2 tu za namna hiyo. Zitoe leo.

Sasa mahali. Chagua wewe, pawe mahali ulipowahi kukaa, unapojua msalani ni wapi na mlango wa pili unatokea wapi. Fika dakika 15 kabla yake. Watu hudhani ni ya kutuliza moyo; faida yake hasa ni kwamba unachagua kiti, unasalimiana na mhudumu akakuona uso, na akija anakukuta umeshakaa badala ya wewe kumfuata alikojificha kwenye kona. Beba fedha za kulipia ulichokunywa na za kurudia nyumbani. Mwambie mapema kwamba una saa 1 na nusu, halafu una shughuli. Na shughuli iwepo kweli, kwa sababu wengi wetu hatujui kudanganya tukiwa tumekaa na mtu anayetupendeza.

Kinywaji agiza mwenyewe, kifunguliwe ukiona, na ukienda msalani ukirudi agiza kingine; cha kwanza hata kama kilikuwa kitamu kimeshakufa. Watu huogopa unga wa kutiwa kwenye glasi, na ni kweli upo, lakini kilevi kinachotumika zaidi kumlainisha mwanamke ni pombe yenyewe, tena inamiminwa mbele ya macho yake kwa tabasamu. Siku ya kwanza ningekuwa wewe nisingeigusa.

Nilipokuwa na umri kama wako nilitoka na mwanaume mmoja msomi, mwenye sauti ya taratibu. Nilimwambia sitaki glasi ya pili. Akaagiza. Nikaisogeza pembeni. Akairudisha mbele yangu kwa kidole kimoja, polepole, huku akiendelea kunisimulia habari za masomo yake. Nikaisogeza tena, akairudisha tena. Glasi ilikuwa inaacha alama ya maji mezani, duara juu ya duara, nikajikuta nazihesabu zile duara badala ya kumsikiliza. Hakupaza sauti hata mara moja. Nikasema naenda msalani, nikapita jikoni, wapishi wakanitazama, nikatokea uani. Mpaka leo sijui alikuwa mtu wa namna gani. Sijawahi kukosa usingizi kwa kutojua.

Kwa hiyo na wewe Jumamosi tafuta hapana moja ndogo umpe. Sitaki sukari. Sitaki kuhamia kiti kile. Sipendi kupigwa picha. Halafu tazama inafika wapi. Ukiona inarudishwa mezani kwa kidole kimoja, chukua mkoba wako.

Lakini nikiruhusiwa kukushikia jambo moja tu katika barua hii yote, nitashika usafiri. Mabinti wengi hupanga vizuri namna ya kwenda, wakasahau kwamba kazi iko kwenye kurudi. Kwenda ni mchana, una akili zako zote, umechaji simu. Kurudi giza limeshaingia, umecheka, umemzoea, betri imebaki kidogo, naye anasema maneno ya kawaida kabisa: "Nikupeleke, ni njia yangu." Gari la mtu lina dereva mmoja. Yeye ndiye anayejua linakwenda wapi, linasimama wapi, na mlango unafunguka lini. Siku ya kwanza usiingie, hata mvua ikinyesha, hata akiwa amekuwa malaika tangu mchana. Mwambie mapema kabisa, wakati mnapanga, kwamba utakuja na utaondoka mwenyewe, ili jioni isiwe habari mpya.

Kuna mtego mwingine wengi hawauoni. Anasema sawa, hutaki gari langu, basi ngoja nikuitie teksi. Anaiita kwa simu yake, analipia yeye, unaona ni ukarimu. Anwani uliyoshukia imebaki kwenye simu yake. Yule wa kwanza ilibidi akusindikize kwa miguu ndipo apajue kwako. Huyu atapajua akiwa amekaa kitini kwake. Teksi ita mwenyewe, kwa simu yako. Kabla hujapanda linganisha namba za gari na zile zilizo kwenye simu, na umuulize dereva amekuja kumchukua nani. Usimtajie jina lako, alitaje yeye. Mtumie mtu wako ile safari aifuate. Usiiite ukiwa umesimama kando ya yule mwanaume, skrini ikiwa wazi na mtaa wako umeandikwa juu. Ingia ndani, kaa karibu na kaunta, ita, toka gari likishafika.

Na usihame mahali. Mkahawa unaofunga, rafiki yake mwenye sherehe hapo jirani tu, mandhari ya mji kutoka kwenye dari la jengo fulani: yote yanaweza kuwa kweli na bado usiende. Dada yako anajua uko kwenye mkahawa ule. Ukitoka hapo, hajui tena uko wapi, na yule aliyekualika anajua kwamba hajui. Kama jioni imekuwa tamu, Jumamosi nyingine ipo.

Kuhusu hao mashahidi. Dada yako mpe jina la mwanaume, namba yake, picha ya wasifu wake, jina la mkahawa na saa. Mtumie mahali ulipo kwa WhatsApp, ile inayofuata mtu anavyotembea. Inakupa nafasi 3: dakika 15, saa 1, au saa 8. Chagua saa 8, kwa sababu ya saa 1 itakatika mnaagana, pale pale unapoihitaji. Kumbuka pia kwamba simu ikizimika au bando likiisha, alama yako inaganda ilipokuwa, na dada atadhani bado umekaa mezani. Kwa hiyo msiitegemee peke yake. Wekeni saa. Kwa mfano mmeonana saa 9 alasiri; saa 10 na nusu anakupigia. Anakupigia, hakuandikii, maana ujumbe wa "niko salama" unaweza kuandikwa na yeyote aliyeshika simu yako, ila sauti yako ni yako.

Pangeni na neno. Kama huna paka, basi "mlishe paka" ni neno zuri: ukilisema, dada anapiga tena baada ya dakika 2 akilia kwamba kuna dharura, uondoke. Jambo ambalo watu husahau kabisa ni hili: usipopokea, afanye nini? Dada yako yuko mbali. Atapiga mara 3, atalia, kisha? Aliye karibu ni mwenzako wa nyumba. Kubalianeni kwamba dada asipokupata kwa dakika 20, anampigia mwenzako, na mwenzako anapiga simu mkahawani na anajua kituo cha polisi ni kipi. Andikeni namba hizo sasa, mkiwa mnacheka.

Kwenye simu yako yenyewe, ingia kwenye mipangilio ya dharura. Simu nyingi za Android na iPhone unaweza kuzipanga hivi kwamba ukibonyeza kitufe cha pembeni mara 5 haraka inapiga namba ya dharura. Katika nchi nyingi 112 hupokelewa kwenye simu za mkononi. Hakikisha ya huko uliko. Na pawabenki iwe mkobani, imejaa.

Ukitaka kuondoka, unaondoka. "Asante kwa muda wako, naenda sasa." Hudaiwi sababu, na ukiona sababu itasaidia, danganya, nimekuruhusu. Ukihisi hataki uondoke, nenda kaunta umwambie mhudumu waziwazi: "Huyu mtu ananitisha, nisaidie niondoke." Katika mkoa wa Lincolnshire nchini Uingereza mwaka 2016 walianzisha utaratibu wa mwanamke kwenda kwenye baa na kumuulizia "Angela", na wahudumu wakaelewa bila maelezo, na baa nyingi za kwingine zikaiga. Pasipo na Angela sema tu kwa lugha ya kawaida. Wahudumu wameona mengi kuliko tunavyodhani, na wengi wanangoja tu kuombwa. Akikufuata nje, usielekee nyumbani. Ingia dukani, ingia hotelini, ingia penye mlinzi.

Kuna aya moja nisingependa kuiandika. Ukijikuta umelewa kuliko ulichokunywa, au umeamka hukumbuki, nenda hospitali saa ile ile, usingoje kesho. Baadhi ya dawa za kutiwa kwenye kinywaji, kama ile iitwayo GHB, hazikai kwenye mkojo zaidi ya saa 12 hivi. Kama umeingiliwa, dawa za kuzuia VVU zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Za kuzuia mimba zipo za mpaka siku 5, nazo pia mapema ni bora. Usioge kwanza ukiweza kujizuia, na nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Hata kama ulikunywa, hata kama ulipanda gari, hata kama Shangazi alikwambia usipande. Hakuna atakayekuuliza hilo isipokuwa mjinga.

Tuseme mmeonana, hakuwa mbaya, ila moyo umekataa. Mwandikie mara moja, kwa maneno yasiyo na mlango: "Nashukuru tulionana. Sitaendelea." Usiandike "kwa sasa", usiandike "nina kazi nyingi", maana kazi zitakwisha naye atarudi. Kabla ya kumzuia, piga picha za skrini mazungumzo yote, kwa sababu kwenye programu nyingi ukishamwondoa mtu mazungumzo yanakwenda naye. Na akitokea wa kusimama kwenye nguzo tena, usihame kwanza. Andika tarehe na saa ya kila jioni, mpige picha ukiwa ndani, uende polisi na daftari lako. Kule Marekani, jimbo la California lilitunga sheria ya kuwaadhibu watu wa namna hiyo mwaka 1990, Japani ikatunga yake mwaka 2000, na nchi nyingi sasa zinayo. Kutogonga mlango hakumfanyi asiwe na kosa. Jioni zile 4 zilikuwa ushahidi, nawe ulizibeba peke yako kama aibu.

Sasa Jumamosi. Mwandikie huyu mhandisi leo, mfupi, bila radhi:

"Nimefikiria. Jumamosi saa 9 alasiri, kwenye mkahawa nitakaokutajia, kwa saa 1 na nusu. Nitakuja na kuondoka mwenyewe. Ukiwa huru niambie."

Kisha weka simu chini, pika, oga, fanya mambo yako. Akijibu "Sawa", nenda, na uende umependeza. Anaweza kuwa alikuwa na siku mbaya tu. Akirudi na majambazi yake, au akakubali kisha Jumamosi saa 8 akaandika yuko nje ya mlango wa ofisini kwako amekuja kukuchukua, hiyo si sapraizi, na huendi.

Na mwenzako wa nyumba, yule anayekuita mshamba, mwambie usiku wa leo habari za nguzo. Mkalishe, zima televisheni, umwambie yote, na jioni 4, na mavazi aliyokuwa amevaa yule kijana. Ile anwani unayoogopa kuitoa ni yake pia.

Shangazi